Vumbi la Vitenge Chini ya Feni

Kompyuta yetu ilizimika kwa mara ya kwanza juma lile tuliporudi Baraka kutoka Kilembwe, tulikokwenda kumzika dada yetu mkubwa. Nilikuwa nachapa barua ya mwalimu aliyekuwa akiomba kuhamishiwa shule nyingine, na mwalimu mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu akisoma kila neno kwa sauti, kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi wake. Skrini ikawa nyeusi. Haikulia, haikutoa onyo. Jenereta ya jirani tuliyokuwa tukichangia ilikuwa ikinguruma vilevile, balbu ilikuwa inawaka, na upande wa pili wa chumba cherehani ya dada yangu wa pili iliendelea kukimbia, maana cherehani ya kukanyaga kwa mguu haina habari na umeme.

"Barua yangu imeenda wapi?" mwalimu akauliza.

"Itarudi."

"Itarudia njia gani?"

Dada yangu akacheka, akauficha mdomo wake kwenye kitambaa alichokuwa anashona. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu maziko. Mimi, badala ya kufurahi kwamba amecheka, nikaanza kuwaza kama ni halali kucheka mapema hivyo, kama marehemu anaweza kusikia, na kama barua ya mwalimu nilikuwa nimeihifadhi au la.

Nilikuwa sijaihifadhi.

Mimi huwaza. Mama husema kichwa changu ni kama bandari yetu boti zikifika: kila mtu anaita, hakuna anayesikilizwa. Nilipokuwa nasoma informatique, yaani elimu ya kompyuta, Uvira, wenzangu walikuwa wakimaliza mtihani na kutoka nje. Mimi nilikuwa nabaki nikisoma upya majibu niliyojua ni sahihi, hadi nayafuta mengine. Nilirudi nyumbani na diploma na kompyuta moja ya mezani iliyotumika, yenye kisanduku kikubwa cheusi, na dada yangu akasogeza meza yake upande mmoja wa chumba alichokuwa amepanga kando ya barabara kuu. "Weka kitu yako pale," alisema. Basi. Hakuuliza itanisaidia nini. Mlangoni tukaandika kwa rangi ya mafuta kwamba hapa wanashona, wanachapa na kutoa fotokopi.

Yeye tulimwita Yaya, kama kwetu tunavyomwita ndugu aliyekutangulia kuzaliwa. Tulikuwa wasichana watatu: yule wa kwanza aliyeolewa Kilembwe, Yaya katikati, na mimi wa mwisho. Baba alifariki zamani. Aliyesimama mahali pake ni baba mkubwa, kaka yake, anayeishi Fizi kule juu kilimani, na ambaye akishuka Baraka huja na ndizi, habari za ukoo, na utani unaouma siku ya pili yake.

Baba mkubwa alishuka baada ya maziko. Aliketi sebuleni kwa Mama, akanywa chai taratibu, akatuita sote wawili.

Lazima nieleze jambo hili hata kama wengine wanalijua. Kwetu, mwanamke akifariki akaacha watoto wadogo, familia ya mume huweza kuiomba familia ya mke impe dada mwingine aingie katika nyumba ile, alee watoto wa damu yake na awe mke wa shemeji yake. Si kila ukoo unaofanya hivyo siku hizi. Kanisa letu haliibariki desturi hii, ingawa halijapata kuikemea kwa sauti. Lakini dada yetu alikuwa ameacha watoto watatu, na wa mwisho alikuwa bado hajatambaa. Shemeji ni mtu mpole, mkulima wa mihogo, ambaye siku ya maziko alikuwa akimbeba yule mtoto vibaya, kama mtu aliyebebeshwa mzigo wa mwenzake barabarani akaambiwa subiri kidogo.

"Shemeji yenu iko peke yake na batoto," baba mkubwa alisema. "Bameomba. Na siye hatuna sababu ya kukatala. Moja kati yenu ataenda."

Mama alikuwa akitazama mikono yake.

"Sisemi nani," akaendelea. "Tutasema siku ya kuondoa matanga. Lakini mimi naangalia tu. Huyu iko na bateja ba kushona." Akamwonyesha Yaya kwa kidevu. "Huyu naye iko na diplome na ile ordinateri, kompyuta yake. Ukoo mzima tulifurahi juu ya ile diplome. Kama ordinateri inatumika muzuri, muache abakie, siku moja atatusaidia. Kama haitumike, atabakia hapa afanye nini? Kulinda diplome isiibiwe?"

Jamaa waliokuwa sebuleni wakacheka. Hata mimi nilicheka. Ilikuwa imesemwa vizuri, na mtu aliyesemwa vizuri hucheka kwanza.

Kwa hiyo kompyuta ilipozimika mbele ya mwalimu, mimi sikuona barua iliyopotea. Niliona barabara ya Kilembwe.

Ilizimika tena kesho yake, na siku iliyofuata. Ikiachwa ipumzike huwaka, hufanya kazi kidogo, kisha giza. Niligusa kisanduku chake kwa kiganja: kilikuwa cha moto kama sufuria iliyotoka kuteremshwa. Kuna ukurasa wa bluu unaoweza kuufungua kabla kompyuta haijaamka sawasawa, na humo imeandikwa namba moja niliyoanza kuiota: joto la prosesa. Prosesa ndiyo kipande kidogo kinachofikiri kwa niaba ya mashine nzima. Ikifikiri sana hupata joto, na joto likipita kiasi mashine hujizima yenyewe ili kipande kile kisiungue. Kompyuta iliyotulia, isiyofanya lolote, inatakiwa isome arobaini au hamsini hivi. Yangu, ikiwa imekaa tu kwenye ukurasa wa bluu, ilisoma themanini, na ilikuwa inapanda nikiitazama.

Niliionea huruma. Kitu kinachopata joto kwa kufikiri na kisha kuzimika, mimi nilikuwa nakielewa.

Kwanza nilishuku jua. Bati letu halina dari, na mchana Baraka hewa ya ziwa haifiki mpaka barabarani. Lakini kisanduku kilikuwa chini sakafuni, kwenye saruji, mahali penye ubaridi kuliko pote chumbani. Tulikiweka huko tangu mwanzo kwa sababu Yaya akikanyaga cherehani meza zote mbili zilitetemeka, nami niliogopa mtetemo. Kilikaa hatua chache kutoka miguuni pake. Nikaona jua halina kosa. Hata hivyo nikatundika shuka juu ya dirisha, tukawa tunashona na kuchapa gizani, hadi mama mmoja aliyeleta kitambaa akauliza kama tuna matanga mengine.

Kisha nikashuku virusi. Wateja huja na flashi zao zilizopita kila kompyuta ya Fizi, na virusi huweza kuifanyisha prosesa kazi usiyoiona. Nikaanza kusafisha, na kule kusafisha kwenyewe kukaiongezea joto, ikazimika katikati. Nikaanza upya. Ikazimika tena. Nikawa kama mtu anayefua nguo kwenye tope.

Kisha feni. Nilifungua ubavu wa kisanduku, nikapiga magoti, nikatazama. Juu ya prosesa hukaa chuma chenye mapezi membamba kama kitana, kazi yake kunyonya joto, na juu ya chuma hicho kuna feni ya kulipuliza. Feni ilikuwa inazunguka vizuri, tena kwa haraka. Mapanga yake yalikuwa na vumbi kidogo, nikayafuta moja moja kwa pamba. Kisha nikakumbuka kwamba vumbi huweza kujificha pembeni, nikaenda kuazima pampu ya baiskeli. Nikakitoa kisanduku nje barazani, nikaanza kukipulizia.

Ng'ambo ya barabara kuna maegesho ya vijana wa pikipiki, na hakuna linalowapita.

"Mama Ordinateri! Imetoboka?"

"Leta tubandike kiraka!"

"Pompa, pompa, lakini usijaze sana, iko na safari ya mbali!"

Huyo wa mwisho hakujua alichosema. Alikuwa anatania tu. Lakini mimi nilisimamisha pampu, mkono ukabaki juu, na Yaya akatoka mlangoni na mkasi mkononi akawaambia, "Nyinyi, hamuna ata mateja mumoja tangu asubui, njo maana munapigaka kelele." Wakacheka, wakanyamaza. Akanisaidia kukirudisha kisanduku ndani. Nikakiacha ubavu wazi, kama karibu kila mtu mjini anavyofanya, ili kipumue. Na ule ubavu ulioachwa wazi ulikuwa unatazama cherehani.

Fundi wa simu wa chumba cha tatu alikuja kutazama. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba kati ya prosesa na chuma chake hupakwa dawa ya kijivu ya kupitisha joto, na ikikauka joto halipiti. Hilo nilikuwa nimelisoma shuleni, na kulisikia kutoka kwake kulinipa tumaini.

"Haina haja ya kuituma Uvira," alisema. "Tia dawa ya meno. Mimi minatiaka."

"Na haijaharibu kitu?"

"Iliunguza moja. Lakini ile ilikuwa na makosa yake yenyewe."

Niliwaza jambo hilo la dawa ya meno kwa muda mrefu kuliko linavyostahili, kisha nikamwomba dereva anayekwenda Uvira anitafutie dawa yenyewe. Ilikuja ndani ya bomba dogo kama la sindano. Nikaking'oa chuma pamoja na feni yake, nikakigeuza, nikafuta upande wa chini uliokuwa na ukoko, nikapaka tone jipya kwa uangalifu wa mtu anayemtia mtoto dawa ya macho. Nilikuwa nimekishika chuma kile mkononi, chote, karibu na uso wangu. Nilitazama upande wa chini peke yake, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kosa liko chini.

Namba ilishuka kidogo. Nikapiga kelele ya furaha, Yaya akaacha kukanyaga. Kabla sijamaliza kumweleza, namba ilikuwa imeanza kupanda tena.

"Basi," nilisema. "Ni Kilembwe."

Tulikuwa hatujawahi kulitamka jina la mahali pale tangu maneno ya baba mkubwa. Yaya alirudisha mguu kwenye pedali lakini hakukanyaga. Mapajani pake kulikuwa na kitenge cha matanga, cha zambarau chenye majani ya njano, tulichokichagua sote. Alikuwa amepewa kazi ya kuishonea familia nzima sare ya siku ile, na kwa wiki nyingi hakushona kingine. Kila jioni alikuwa akikung'uta sketi yake mlangoni na nyuzi za zambarau kuruka.

"We unaogopa?" akauliza.

"Wewe hauogopi?"

"Mimi naogopa. Lakini mimi sipimage joto yake kila saa."

Alisema hivyo bila ukali. Kisha akasema jambo jingine, akitazama sindano: "Ule mutoto wa mwisho, mwenye kwenda kumubeba ni mtu mumoja, mwenye kumulisha mwingine, mwenye kumulaza mwingine. Nilimuona siku ya maziko. Alikuwa anaangalia kila mutu usoni." Na akaanza kukanyaga.

Nilijiambia kwamba hayo ni maneno ya huzuni tu. Nilikuwa na mengine ya kuwaza. Kila nilipoweza kuipima namba niliipima, na kila ilipopanda nilihesabu nitakavyoishi kule: jinsi nitakavyomwita shemeji, nitalala upande gani wa kitanda alicholalia dada, diploma nitaificha au nitaitundika. Nikawaza pia upande wa pili, kwamba kompyuta ikipona mimi nimepona. Huko kuwaza kwangu kote, ambako Mama anakuita bandari, hakukuwa kumefika kwenye jambo lililo wazi: kwamba walikuwa wanamtaka mmoja kati ya wawili, na mimi nikipona kuna asiyepona. Nadhani nilikuwa nalijua. Kuna mambo mtu huyazunguka kwa kufikiri mambo mengine mengi.

Siku chache kabla ya kuondoa matanga nililazimika kuchapa programu ya siku yenyewe: zaburi, nyimbo za kwaya, neno la familia, picha ya marehemu juu. Kompyuta ilikataa hata kuifungua picha. Nilikuwa naiona sura ya dada yetu ikijengeka mstari kwa mstari kutoka juu, paji la uso, nyusi, kisha giza. Mara ya tatu nilichukua bisibisi bila kuwaza. Nasema bila kuwaza kwa sababu sikuwa na sababu yoyote mpya. Nilikuwa na hasira. Nikafungua zile skurubu ndogo zinazoishika feni juu ya chuma, ambazo sikuwahi kuzigusa kwa sababu feni ilikuwa inazunguka, na kitu kinachozunguka nilikuwa nimekwisha kukiondoa katika washukiwa.

Feni ikatoka. Chini yake mapezi ya chuma hayakuonekana. Yalikuwa yamefunikwa na kitu kama kofia ndogo ya sufi, ya duara, yenye ukubwa sawasawa na feni, imeshindiliwa mpaka imekuwa nguo. Feni ilikuwa inapuliza kwa nguvu zake zote juu ya blanketi.

Nikaingiza ukucha pembeni, nikaivuta. Ilitoka yote kwa pamoja.

Ukiitazama haraka ilikuwa ya kijivu. Nikaisogeza mlangoni kwenye mwanga, nikaona haikuwa ya kijivu. Juu kabisa ilikuwa zambarau. Nikapasua ukingo wake kidogo, na chini ya zambarau kulikuwa na nyuzi za buluu na nyeupe, na chini zaidi rangi zilizochanganyika, kijani, nyekundu, na upande ulioshika chuma kulikuwa na chembechembe za rangi ya chungwa.

"Ile ni nini?" Yaya aliuliza kutoka mezani kwake.

"Ni bitambaa byako."

Alikuja. Aliichukua, akaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, namna anavyosugua kila kitambaa kabla ya kukikubali.

"Hii ni ya matanga," alisema. Akaifunua. "Hii ya buluu ni uniforme ya masomo, ile wakati ya kuanza shule. Hii..." Akaileta karibu na macho. Kisha akacheka, mara hii bila kuficha mdomo. "Hii ya machungwa! Ni robe yako! Ile gauni nilikushonea juu ya furaha ya diplome, wakati ulirudi na kitu yako. Nilishonea hapa, ukaniambia mukono moja ni murefu."

"Ulikuwa mrefu."

"Haukuwa murefu. We njo ulikuwa unasimama vibaya, sababu ya woga."

Tukacheka sote wawili, tumeinamia kile kitu kidogo kama watu wanaoota moto. Miaka yote niliyokaa katika chumba kile nikidhani tunafanya kazi mbili, kila kitenge alichokata kilikuwa kinaingia humu, unyuzi kwa unyuzi, feni ikivuta na chuma kikishika. Sakafuni ndiko nyuzi zinakoanguka, na mimi ndiye niliyeweka kisanduku sakafuni kwa kuogopa mtetemo. Nilipokiacha wazi ili kipumue, nilikiacha kipumue vitenge.

Halafu Yaya akatazama kisanduku kilichokuwa wazi.

"Sasa itatumika?" akauliza.

"Sijui. Labda."

"Unajua."

"Itatumika."

"Vizuri," alisema. Akatazama nje barabarani, kisha akatazama cherehani yake, na uso wake ulifanya jambo ambalo nimeliona mara nyingi akipima kitambaa kisichotosha: anakikunja, anakigeuza, anaona pa kupunguza, halafu anachukua mkasi. "Vizuri, mudogo wangu."

Hapo ndipo nilipoelewa, kwa kuchelewa kama kawaida. Nikanyoosha mkono. "Nipe. Nairudisha."

"Unarudisha nini?"

"Hiyo. Nairudisha chini ya feni."

Nilikuwa nasema kweli. Alinitazama kama anavyomtazama mteja anayetaka gauni ya kitambaa kisichokuwepo. Hakuwa na tabia ya kutupa kitu. Alifungua mshono wa kile kimto kidogo cha kuchomekea sindano anachokivaa kwenye kifundo cha mkono, akaishindilia ile sufi ndani kwa ncha ya mkasi, akakishona tena, akachomeka sindano zake zote. "Sasa ingia uitafute," akasema.

Nikarudisha feni. Nikawasha. Ukurasa wa bluu ukasoma arobaini na kitu, ukabaki pale pale, umetulia. Sijawahi kuiogopa namba nzuri namna ile. Picha ya dada yetu ikafunguka mara moja, nzima, anatabasamu.

Siku ya kuondoa matanga tulikuwa ua mzima wa zambarau na njano. Watu wa Kilembwe walifika, shemeji akiwa na suruali iliyopigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi. Watoto hakuja nao. Tulisali, kwaya ikaimba, tukala wali na samaki, na baadaye wazee wakaingia ndani, nasi tukaitwa.

Nilikuwa nimejiandaa. Njia yote ya mawazo nilikuwa nimeipita, nikatoka upande wa pili nikiwa na neno moja tu la kusema.

"Haya," alisema baba mkubwa akinigeukia. "Ile ordinateri iko aje?"

"Imekufa, baba."

"Imekufa?"

"Imekufa kabisa. Imeungua. Haiwezi kutengenezeka. Kwa hiyo mimi nitaenda."

Mama aliinua kichwa. Nilihisi wepesi ambao sijawahi kuuhisi, kama mtu aliyetua ndoo. Sikuwa nimewaza zaidi ya hapo, na laiti ningewaza kidogo tu.

"Baba," Yaya alisema, "angalia mukononi mwako."

Baba mkubwa akatazama. Alikuwa ameshika programu ya matanga. Kila mtu ndani ya chumba alikuwa nayo. Wengine walikuwa wakijipepea kwayo. Karatasi nyeupe, zaburi, nyimbo, na sura ya dada yetu juu, safi kabisa, niliyoichapa asubuhi ile ile.

"Hii ilichapwa na nani?" baba mkubwa akauliza, lakini sauti yake haikuwa ya utani.

Mtu mmoja wa Kilembwe akacheka kidogo, akaacha alipoona hakuna mwingine.

"Anadanganya juu ya kuniokoa," Yaya alisema. "Hajui kudanganya, ni mara yake ya kwanza. Mumusamehe. Mimi nitaenda."

"Yaya, hapana."

"We tulia. Bale batoto, nguo yao yote mimi njo nimeshona tangu bazaliwe. Bipimo byao niko nabyo kichwani. Mwingine akienda, ataanza kubapima." Akamgeukia shemeji, kwa mara ya kwanza siku ile. "Ule mudogo, bado anakatala maziwa?"

"Bado," shemeji akajibu. Na mtu yule mzima akaanza kulia mbele ya wazee, akijifuta kwa programu.

Baba mkubwa aliikunja ya kwake mara mbili, akaitia mfukoni mwa koti. Hakusema neno la kuumiza wala la kuchekesha. Mama alijifunika uso kwa kitenge kipya ambacho pindo lake Yaya alikuwa amelimaliza usiku wa kuamkia siku ile. Nami nilikuwa nimesimama, na kitu nilichokuwa nakifikiri, Mungu anisamehe, ni kwamba wino wa picha ulikuwa umetoka vizuri.

Yaya aliondoka kwa pikipiki mbili. Vijana wa ng'ambo ya barabara ndio waliokuja kumchukua, na siku hiyo hakuna aliyetania. Kichwa cha cherehani walikifunga nyuma ya moja, kimeviringishwa ndani ya godoro jembamba. Meza na pedali zikapanda nyingine. Yaya alikaa kati ya dereva na cherehani yake, kimto cha sindano mkononi. Nilimwambia akiondoe, kitamchoma njiani. Akasema akikiondoa kitapotea. Nilitaka kumwambia mambo mengi na nikawa nayapanga kwa mpangilio mzuri, lipi litangulie. Pikipiki zikawaka nikiwa bado napanga.

"Usikiwekage chini tena," alisema. "Kitu yako. Weka juu ya meza. Sasa hakuna wa kutikisa."

Nimefanya hivyo. Kisanduku kiko juu ya meza, kimefungwa ubavu. Wateja wanakuja, nachapa barua zao na kuzihifadhi kila mstari. Kwenye saruji, mahali ilipokuwa cherehani, kuna madoa manne yaliyong'aa ya miguu yake ya chuma, na mimi nikifagia nayazunguka. Nimejizoeza kufungua feni mara kwa mara, kama inavyotakiwa. Ninachokuta ni vumbi la barabara, jembamba, la rangi moja, linapeperuka kwa pumzi. Haligandi. Namba haipandi. Hata mchana wa jua kali, hata nikifungua picha nyingi kwa pamoja, imetulia pale pale arobaini na kitu, na mimi naitazama nikingoja.

Kule Kilembwe mtandao hukamata mahali pamoja tu, juu ya mwinuko nyuma ya shule, kwa hiyo anapopiga simu upepo huongea kabla yake. Anasema mtoto sasa anakunywa. Anasema mtoto huyo ameanza kumwita yeye kwa jina ambalo hataki kuniambia, na najua ni jina gani. Kuhusu shemeji anasema "iko tu muzuri", na mimi huuwaza ule "tu" siku nzima. Hajawahi kusema amechoka. Na kabla mtandao haujakatika huuliza, kila mara:

"Na ile kitu yako, haiko na joto tena?"

Mara ya kwanza nilimwambia kweli, kwamba imepoa kabisa, haina tatizo. Akasema, "Ah, vizuri," na sauti yake ikawa kama ya mtu aliyefungiwa mlango taratibu.

Sasa namwambia inapata joto kidogo. Namwambia nimefungua nikakuta nyuzi zake nyingine, za ile kitenge ya bamama ba kwaya, hazijaisha, sijui zinatoka wapi.

"Njo vile," husema, na namsikia akicheka na upepo. "Bitambaa byangu bikaidi. Endelea kutoa, polepole. Bitaisha."

"Haviishi, Yaya," namwambia.